Kumchuja Mteja Bila Kumwanika

Kila mteja mpya anayetupigia simu anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi: anataka kujua kwa hakika atakutana na nani, na wakati huohuo anataka yeye mwenyewe asijulikane. Nasi tunaofanya kazi ya eskoti, yaani kazi ya ngono kwa miadi, tunataka hayohayo. Tunatumia jina la kazi, tunaficha mahali tunapoishi, tunaziba uso kwenye picha, kisha tunamwambia mgeni atupe jina lake halisi kabla hajaambiwa hata mtaa wa kukutania. Wateja wengi huona huo ni uonevu, na baadhi yao husema hivyo waziwazi. Nimekuwa nikiwapokelea simu wenzangu kadhaa kwa muda mrefu, pamoja na kushughulikia wateja wangu mwenyewe, na naona malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, ingawa hayabadilishi jibu. Lazima tuulize. Ninachobishania hapa ni kiasi cha kuuliza, na zaidi yale yanayofuata baada ya kujibiwa, kwa sababu wengi wetu ni hodari wa kudai habari na wazembe wa kuzitunza.

Watu hudhani uchujaji ni aina ya upelelezi, kwamba ukikusanya habari za kutosha utambaini mbaya na mwema. Mtu anayepiga wanawake haandikwi hivyo kwenye kitambulisho chake. Anaweza kuwa na ajira ya heshima, akaandika ujumbe kwa adabu na akafika kwa wakati. Kinachomzuia ni kufahamu kwamba nje ya chumba kile yupo mtu mwingine anayemjua ni nani, na kwamba jambo likitokea ataulizwa. Mwenye nia mbaya huchagua mahali ambapo hana jina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika kule kuuliza kwenyewe, kabla hujapata jibu lolote: unamwomba jina, naye anakata simu, na hapo umeshamchuja. Ukilielewa hilo, utaona kwamba habari chache zilizo za kweli zinafanya kazi yote, na kwamba rundo la nakala za vitambulisho halikuongezei usalama wowote, linakuongezea mzigo tu.

Jambo hili liliwahi kuelezwa mahakamani kwa namna ambayo sijaisikia ikielezwa vizuri zaidi kwingine. Desemba 2013, Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi iliyofunguliwa na Terri-Jean Bedford na wenzake wawili, ilibatilisha kwa kauli moja vifungu vitatu vya sheria ya jinai vilivyohusu kazi ya ngono, kikiwemo kile kilichokataza kuzungumza na mteja hadharani kwa ajili ya kazi hiyo. Kifungu hicho kilikusudiwa kuondoa kero mitaani. Jaji Mkuu Beverley McLachlin aliandika kwamba, ikiwa kumchuja mteja kungeweza kumzuia hata mwanamke mmoja asipande gari la Robert Pickton, basi uzito wa madhara ya kifungu hicho umekwisha kuthibitika. Pickton alikuwa mfugaji wa nguruwe karibu na Vancouver, aliyetiwa hatiani mwaka 2007 kwa kuwaua wanawake sita. Uchujaji uliozungumziwa pale haukuhusu vitambulisho wala barua pepe. Ulikuwa ni ule wa dakika chache kando ya dirisha la gari: kumtazama dereva kama amelewa, kusikia anavyojibu, kukubaliana bei na mahali, na kumpa rafiki aliyesimama pembeni nafasi ya kusoma namba ya gari. Sheria ilipomlazimisha mwanamke kufanya haraka, ilimnyang'anya dakika hizo.

Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mpya inayomwadhibu mnunuzi, kwa kufuata njia iliyoanzishwa na Uswidi mwaka 1999. Mabishano kuhusu sheria za namna hiyo ni marefu na sitayamaliza hapa, lakini athari yake kwa mpokea simu ni rahisi kuieleza. Mteja mpole anayeogopa kukamatwa hukataa kutoa jina lake, na yule aliyekusudia mabaya hukataa vilevile, kwa maneno yaleyale, hata sauti zao zikafanana. Chujio linabaki mkononi, lakini halitenganishi tena kitu.

Sasa nieleze tunavyofanya. Siku moja ujumbe wa kwanza wa mteja ulikuwa huu: "Uko peke yako? Nitumie ramani nije sasa hivi." Hakukuwa na salamu, wala jina, wala swali kuhusu saa au gharama. Nilimjibu kwamba mgeni wa mara ya kwanza huzungumza nasi kwanza kwa simu, ajitambulishe, kisha ndipo saa hupangwa. Akaandika: "Kwani wewe ni polisi?" Kisha, baada ya kimya kifupi, akaongeza kwamba atalipa mara mbili. Ujumbe wa tatu ndio uliomaliza mazungumzo. Anayeahidi kulipa mara mbili ili asijulikane anakuambia anathamini kutojulikana kwa kiasi gani, nawe usihitaji kujua zaidi ya hapo. Swali lake la kwanza nalo lilikuwa baya kuliko linavyoonekana, maana kati ya yote ambayo mteja angeweza kuuliza, alichagua kuuliza kama yupo mtu wa kunisaidia.

Simu ya sauti ndiyo chombo nikipendacho kuliko vyote, na sijui kwa nini vijana wanaiacha. Ujumbe wa maandishi unaweza kuandikwa na yeyote, ukarekebishwa, ukatumwa kwa watu ishirini. Kwa sauti nasikia kama amelewa, kama kuna wanaume wengine wanaocheka nyuma yake, kama anamsikiliza mtu anayemnong'oneza la kusema. Namweleza mipaka ya kazi bila kupamba, kwamba kondomu haijadiliwi na kwamba muda ukiisha umeisha, kisha nanyamaza nimsikilize anavyolipokea hilo. Anayesema "sawa, nimeelewa" ameshanipa habari kubwa. Anayeanza kubishana kabla hajafika ataendelea kubishana akiwa ndani, na huko hakuna kitufe cha kukata simu.

Baada ya sauti nataka kitu kimoja kinachoweza kuthibitishwa, na nasisitiza kimoja. Kama mteja yuko hotelini, napiga simu mapokezi na kuomba niunganishwe na chumba kwa jina alilonipa; simu ikipokelewa na sauti ileile, nimeridhika, na sikuhitaji kuona hati yoyote. Kama amewahi kukutana na mwenzetu mwingine, naomba jina la kazi la mwenzetu huyo. Kama hana, mazungumzo mafupi ya video hutosha ili uso ufanane na jina na sauti. Malipo ya awali ni jambo jingine: yanaonyesha kwamba mtu hana mzaha na yanapunguza wale wanaopanga miadi wasitokee, ila hayasemi lolote kuhusu tabia yake, na wapo matapeli wanaojifanya eskoti ili wale kianzio na kutoweka, kiasi kwamba mteja mwangalifu ana haki ya kusita. Kuna wanaodai kupiga simu kazini kwa mteja. Mimi siafiki. Ukimpigia mtu ofisini kwake umeingiza masikio ya tatu katika jambo la watu wawili, na uwezo wa kumharibia riziki yake ni uwezo ambao sitaki kuwa nao.

Kuhusu udhamini wa wenzetu kuna hila moja ambayo kila mgeni katika kazi hii anapaswa kuifahamu mapema. Mteja hukutumia jina na namba ya "dada" ambaye amekwisha kumhudumia, nawe unapiga, na dada huyo anamsifu. Dada huyo anaweza kuwa ni rafiki yake mwenye laini ya pili. Ndiyo maana namba anayoileta mteja siitumii kabisa. Nalitafuta tangazo la mwenzetu huyo mwenyewe, natazama kama limekuwapo kwa muda, kisha nampigia kwa namba iliyo pale. Na ninapoulizwa mimi, najibu kwa sentensi chache: alifika kwa wakati, alilipa walichokubaliana, aliheshimu mipaka, aliondoka salama. Aliyoyapenda, aliyoyasimulia kuhusu ndoa yake au ugonjwa wake, hayo hayamhusu anayeuliza. Nimesikia udhamini uliogeuka kuwa umbea wa nusu saa, na kila nikiusikia najiuliza dada huyo anasema nini kuhusu mimi.

Wapo watu hatari ambao udhamini hauwafikii, na kwa ajili yao zimekuwapo orodha za tahadhari. Mtindo huo ulianza Melbourne, Australia, mwaka 1986, pale chama cha makahaba cha Victoria kilipoanza kukusanya taarifa za wanaume wakatili na kuwagawia waliokuwa mitaani. Uingereza una mpango wa kitaifa wa namna hiyo tangu mwaka 2012, uitwao National Ugly Mugs, ambao hupokea taarifa za mashambulizi, huzigeuza kuwa tahadhari kwa wengine, na huzifikisha kwa polisi bila jina la mwathirika iwapo yeye mwenyewe ameridhia. Naipenda hiyo sehemu ya kuridhia. Ubora wa taarifa ya tahadhari uko katika yale yanayomwezesha msomaji kumtambua mtu mlangoni: namba ya simu aliyotumia, aina na rangi ya gari, lafudhi, kovu, kauli anayopenda kuanza nayo, na alichokifanya kwa mpangilio wa matukio. Taarifa nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu hazina hata kimoja kati ya hivyo. Zina picha ya mwanamume iliyochukuliwa kwenye wasifu wake, maneno ya matusi, na wito wa kuisambaza. Huwezi kujua kama mtu huyo alimkaba mwenzetu au alichelewa kulipa, wala kama picha ni yake. Siku mtu asiyehusika atakapoumizwa kwa ajili ya picha kama hiyo, orodha zote zitakosa kuaminiwa, hata zile zilizotengenezwa kwa uangalifu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikera. Uliza eskoti yeyote jinsi anavyowachuja wateja naye atakueleza kwa ufasaha. Muulize nakala za vitambulisho alizopokea mwaka jana ziko wapi, utaona anatafakari. Ziko kwenye mazungumzo ya simu, kwenye albamu ya picha katikati ya picha za sherehe za familia, na bila yeye kukusudia ziko pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu hujipakulia kila usiku. Simu ikiibwa, au ikichukuliwa na mpenzi mwenye hasira, au ikipelekwa kwa fundi, majina ya watu yamekwenda nayo. Si lazima mwizi awe mjanja. Akiona kitambulisho na miadi katika mazungumzo yaleyale, anajua atampigia nani kudai fedha, naye mteja atakayepigiwa ataamini kwamba ni wewe uliyemuuza.

Mifano mikubwa ipo. Mwaka 2015 wavamizi waliiba na kumwaga hadharani kumbukumbu za Ashley Madison, tovuti ya watu waliotafuta mahusiano ya siri nje ya ndoa, na mamilioni ya watu wakajikuta majina na barua pepe zao zinatafutwa na majirani. Vitisho vya kudai fedha viliwafuata. Mwaka 2019 tovuti ya Uholanzi, Hookers.nl, ambako wateja na wafanyakazi wa ngono walikuwa wakizungumza, iliibiwa habari za watumiaji wapatao 250,000 kwa sababu ya kasoro katika programu iliyoiendesha. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018, na kanuni hiyo inaziweka habari za maisha ya kijinsia ya mtu katika kundi linalolindwa kuliko kawaida, pamoja na afya na dini. Hata asiyeishi huko anaweza kuazima mawazo mawili yaliyomo: usichukue habari zaidi ya unazohitaji kwa kazi iliyo mbele yako, na kazi ikiisha usiendelee kuzishika.

Kwetu tumeyageuza hayo kuwa utaratibu. Kitambulisho hatukiombi kitumwe. Mteja akitaka kukionyesha, anakionyesha kwenye video, nasi tunakitazama bila kukipiga picha. Jina na mahali pa miadi huandikwa kwenye karatasi inayobaki kwa mtu wa zamu, yule atakayepigiwa simu mwenzetu akifika na akiondoka, na anayejua la kufanya simu isipopigwa. Miadi ikiisha salama karatasi inachanwa. Mazungumzo yanafutwa pande zote zinazofutika. Kinachobaki ni daftari lenye jina la kubuni nililompa mteja, tarakimu chache za mwisho za namba yake, na neno moja: arudi, asirudi, au aulizwe tena. Mtu akiliokota daftari hilo hatajua ni la nini. Aliyefanya ubaya ndiye pekee ambaye habari zake hazichanwi, kwa sababu huyo anaweza kuhitajika mahakamani au kwenye orodha ya tahadhari, na uamuzi wa kuzitumia ni wa mwenzetu aliyeumizwa.

Faragha ya eskoti mwenyewe huvuja kwa njia ambazo mara nyingi hazina mteja mbaya ndani yake. Mwandishi Kashmir Hill aliandika mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa ngono waliotenganisha majina yao, barua pepe zao na hata maisha yao yote mawili, lakini Facebook ikawapendekezea wateja wao kama watu wanaoweza kuwafahamu, kwa majina yao halisi. Namba ya simu na orodha ya majina iliyomo kwenye simu ni gundi yenye nguvu. Ndiyo maana laini ya pili peke yake haitoshi iwapo iko kwenye kifaa kilekile chenye programu zilezile zilizoruhusiwa kusoma orodha hiyo. Simu ya kazi inapaswa kuwa simu nyingine, hata iwe kuukuu. Malipo kwa simu huonyesha jina lililosajiliwa, kwa pande zote mbili, na sijaona njia nzuri ya kulikwepa hilo kuliko fedha taslimu. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, na picha moja iliyotumika kwenye tangazo na kwenye ukurasa wa familia hutafutwa na kupatikana kwa dakika. Mwenzangu mmoja alikuwa ameziba uso wake kwa uangalifu mkubwa, lakini pazia la dirisha nyuma yake lilikuwa lilelile lililoonekana kwenye picha zake za siku ya kuzaliwa. Aliyemtambua alikuwa shangazi yake.

Na mara nyingine anayetaka habari zetu ni serikali yenyewe. Sheria ya Ujerumani iliyoanza Julai 2017 inamtaka kila mfanyakazi wa ngono ajisajili na awe na cheti, ingawa inaruhusu cheti chenye jina la kazi. Wengi hawakujisajili, na hofu yao naielewa kirahisi, kwa sababu ni ileile ya mteja anayeniuliza jina lake litakaa wapi na nani atalisoma. Marekani ilikwenda kwa njia nyingine: Aprili 2018 tovuti ya matangazo ya Backpage ilitwaliwa, na siku chache baadaye ikasainiwa sheria inayozibana tovuti zinazowezesha ukahaba, nazo nyingine nyingi zikajifunga kwa hofu. Pamoja na matangazo zilipotea pia sehemu ambako wanawake walikuwa wakiulizana kuhusu wateja. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo iliripoti mwaka 2021 kwamba kifungu cha jinai cha sheria hiyo kilikuwa kimetumika katika kesi moja tu.

Wateja nao wana haki ya kutuuliza. Anayeniuliza "ukishajua jina langu utalifanyia nini?" simwoni kuwa mkaidi, ameuliza swali ambalo ningeliuliza mimi. Namweleza habari ya karatasi na mtu wa zamu, kwamba kuna mtu mmoja atakayelisoma jina lake kwa saa chache na kisha litachanwa. Wengi hukubali baada ya hapo, na nadhani wanakubali zaidi kwa sababu wamejibiwa bila kigugumizi kuliko kwa sababu ya karatasi yenyewe. Wachache hukataa hata hivyo, kwa upole, na hao tunaagana nao vizuri.

Kinachobaki kigumu ni kwamba yote haya yanamhitaji mtu anayeweza kumudu kukataa. Sheria ya Nyuzilandi ya mwaka 2003, iliyoondoa kazi ya ngono katika makosa ya jinai, inasema waziwazi kwamba mfanyakazi anaweza kumkataa mteja wakati wowote hata baada ya makubaliano, na ni kifungu kizuri; lakini dada anayedaiwa kodi ya nyumba kesho hukubali simu ya usiku wa manane isiyo na jina, na hatanyooshewa kidole nami. Ndiyo maana nilianza kuwapokelea wengine simu. Aliye na shida si yule anayesikiliza sauti ya mteja, na anayesikiliza hana sababu ya kujidanganya kwamba imesikika vizuri. Tukimkataa mteja wa mmoja wetu, wale wenye miadi siku hiyo humpa mwenzao sehemu ya walichopata, naye hurudisha zamu yake ikifika. Mpango huo una magomvi yake, hasa mwisho wa mwezi.